Tulijenga wodi ndogo, tukaiita nyumba

Mkazi wetu wa kwanza alilala barazani siku nne mfululizo, na chumba chake kipo, kitanda kimetandikwa, pazia jipya, ufunguo anao mfukoni. Nyumba yenyewe nimeichora mimi. Siku ya tano nikaenda nikakaa nae chini pale pale barazani nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwa sauti ya chini kabisa kwamba kule ndani kuna jicho jekundu linakonyeza, liko juu ya kitanda, usawa wa uso wake. Nikaingia kuangalia. Kumbe ni kile kifaa cha kugundua moshi, kile kitaa chake kidogo cha kuonyesha kwamba kinafanya kazi. Nimeviweka kwenye majengo mengi tu vifaa hivyo, na sijawahi hata siku moja kukitazama kimoja nikiwa nimelala chali gizani.

Sasa naandika haya kwa ajili ya familia, wasanifu, mafundi, yeyote anayefikiria kujenga makazi ya watu wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, yale ambayo hayaishi na mtu anaishi nayo. Nitasimulia tu kama ilivyokwenda, na pale tulipochemka nitasema tulichemka.

Mimi ni msanifu majengo. Kaka yangu mkubwa aligunduliwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii au aamini anafuatiliwa, akiwa na miaka 22, sa hivi anakaribia 50. Kwa miaka mingi maisha yetu yalikuwa ni kuzunguka tu: anazidiwa, analazwa, anatulia, anaruhusiwa, anarudi kwa mama, miezi michache shwari, halafu tunaanza kugombana, anaacha dawa, anazidiwa tena. Mama akazeeka. Siku moja tukiwa tunasubiri kwenye benchi la kliniki akaniambia, "Mwanangu, mimi nikifa huyu atalala wapi?" Nikakosa la kusema, na mimi kazi yangu ndo hiyo, kuchora mahali watu wanapolala.

Kwenye mabenchi yale yale tulikuwa tunaonana sura zile zile kila mwezi, tukaanza kusalimiana, tukaunda kundi, familia 11. Wazo likawa tujenge nyumba yenye vyumba 12, wapendwa wetu waishi pale, kuwe na watu wa kuwasaidia, na sisi tupumue. Hilo neno tupumue lilisemwa kwa aibu sana. Kuna mama mmoja alilia kabisa, akaona kama anamtupa mwanae.

Laiti ningejua mapema kitu kimoja ningemwambia siku ile ile. Mwaka 1958 mtafiti wa Uingereza anayeitwa George Brown na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili huko London, kuangalia nani anarudi hospitali na nani anabaki nje. Ungedhani aliyerudi kwa wazazi au kwa mke wake ndo angekaa vizuri, ikawa kinyume, hao walirudi hospitali zaidi kuliko waliokwenda kupanga vyumba au kukaa kwa kaka au dada zao. Tafiti zilizofuata zikaanza kuchambua ni nini hasa, zikakuta ni kukosolewa kila saa, ni uhasama wa chini chini, na ni ule upendo wa kumfuata mtu mzima hatua kwa hatua kama mtoto anayejifunza kutembea. Niliposoma hivyo niliumia na nikapata nafuu kwa wakati mmoja. Niliumia kwa sababu mkosoaji mkuu nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Nafuu ni kwamba kumpa mtu mlango wake mwenyewe sio kumtupa, kwa baadhi ya watu umbali kidogo ni sehemu ya matibabu.

Haya, kiwanja. Hapa tulipoteza miezi nane. Tulipata eneo kubwa, mbali, bei nafuu, kimya, miti mizuri, kila mtu akasema wagonjwa watatulia huku. Nikapima, nikachora, tukalipa watu wa udongo, kila kitu. Mama yangu alipopelekwa kupaona akazunguka, akasimama, akauliza, "Mbona mnawapeleka watu porini?" Tukamwona mzee hajaelewa. Wiki iliyofuata nikafanya kitu ambacho ningepaswa kufanya siku ya kwanza, nikaondoka pale kiwanjani kwa miguu na kwa basi mpaka kliniki kama atakavyoondoka mkazi. Mabasi mawili na kutembea karibu saa nzima. Mtu ambaye dawa zinamlaza mpaka saa nne asubuhi, anatakiwa afike kuchoma sindano yake ya kila mwezi, kwa safari ile? Atakosa ya kwanza, atakosa ya pili, sindano ya tatu ataipatia wodini. Tukauza kwa hasara, tukanunua kipande kidogo katikati ya makazi ya watu, karibu na kituo cha basi na duka na kelele za maisha. Ule utulivu tuliokuwa tunautafuta ulikuwa wa kwetu sisi, tulitaka wasionekane.

Katikati ya watu maana yake majirani. Tukaitisha mkutano mkubwa, viti 60, mimi na projekta yangu. Kosa kubwa sana, usifanye hivyo. Kwenye mkutano mkubwa mtu wa kwanza kushika maiki ndo anaamua hali ya hewa, na wa kwanza alikuwa baba mwenye hasira anayeuliza kuhusu usalama wa watoto. Nikajibu kwa hoja, kwamba watu wenye maradhi ya akili wanafanyiwa ukatili mara nyingi zaidi kuliko wao kuufanya, jambo ambalo ni kweli na limechunguzwa vya kutosha, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza. Nikawapa habari ya Geel, mji wa Ubelgiji ambako tangu Enzi za Kati familia za kawaida zinawapokea wagonjwa wa akili kuishi nao majumbani, na miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,000 kwenye mji mdogo vile. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Hapa sio Ubelgiji!" Watu wakapiga makofi.

Kilichosaidia baadae ni kwenda nyumba kwa nyumba, watu wawili wawili, mmoja wetu akiwa ni mzazi. Mlangoni mtu haongei kama anavyoongea kwenye maiki. Tena asilimia kubwa ya milango ile, tukikaa dakika kumi, ilikuwa na habari yake, shangazi fulani, mjomba fulani, mtoto aliyefichwa. Na tuliwapa namba moja ya simu inayopokelewa saa 24 na mtu mwenye jina, sio ofisi. Wameipiga mara chache mno, ila kuwa nayo ndo kulikowatuliza. Yule baba mwenye hasira hajawahi kutupenda mpaka leo, na ni haki yake.

Sasa michoro. Nilichora nikiwa na hofu na sikujua kama nina hofu, nilidhani ni utaalamu. Korido moja ndefu, vyumba sita kila upande, ili mtu mmoja akisimama mwisho aone milango yote. Ofisi ya wafanyakazi pale pale mlangoni na dirisha kubwa la kioo. Kidirisha cha kutolea dawa. Vyoo na mabafu ya pamoja mwishoni ili kupunguza mabomba. Kamera tano. Sebule moja kubwa yenye televisheni. Rangi ya maziwa kote kwa sababu haichoki. Msanifu mwenzangu aliponiangalizia michoro alisema imekaa vizuri. Familia zikasema imekaa vizuri. Wanaokwenda kuishi mle hatukuwauliza, tulisema watachanganyikiwa, tutawaonyesha ikishakamilika.

Siku ya kufungua kaka yangu aliingia, akatembea ile korido mpaka mwisho na kurudi, akanitazama. "Mdogo wangu, hii umeichora ukiangalia ile wodi namba tatu?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Miezi sita ya kwanza ilikuwa shule, na ada tulilipa. Jicho jekundu nimeshasimulia, tulichofanya ni kuvishusha vile vifaa kimoja kimoja, kila mkazi akashika cha kwake, akabonyeza kitufe cha kujaribu akakisikia kinavyolia, kisha tukavirudisha mbali na usawa wa kitanda, kwenye eneo ambalo fundi wa moto alithibitisha kwamba bado kitafanya kazi. Kuvitoa kabisa hapana, usithubutu, watu wengi mle wanavuta sigara na wanapitiwa na usingizi mzito. Kamera tano zikabaki moja, ya getini, inatazama nje barabarani na sio ndani. Mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia anafuatiliwa, halafu wewe unamfuatilia kweli, hapo utabishana nae nini?

Sebule ikawa uwanja wa vita. Televisheni ile kwa baadhi yao ndo furaha ya siku, na kwa kaka yangu mtangazaji wa habari kuna siku anamsema yeye. Ukiizima unamkosea mmoja, ukiiwasha unamkosea mwingine, na sebule ni moja. Kama nafasi inabana, punguza ukubwa upate vyumba viwili vya kukaa, kimoja cha kelele na kimoja cha kimya, na kila kimoja kiwe na njia mbili za kutokea, maana mtu akihisi amebanwa anataka kuondoka bila kumpita yule anayemwogopa. Nimeshuhudia ugomvi uliokuwa unaiva ukaisha tu kwa sababu kulikuwa na mlango wa pili.

Ile korido ndefu nayo. Baadhi ya wanaotumia dawa za kutuliza saikosi, yaani ile hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, hupata hali inaitwa akathisia, miguu inawaka, hawezi kukaa, lazima atembee. Anafika mwisho wa korido anakutana na ukuta, anageuka, anarudi, anapita milango ya wenzie waliolala, viatu vinagonga, wanaamka, wanafoka. Wafanyakazi wakaandika kwenye daftari "anasumbua wenzake usiku". Hakuwa anasumbua, alikuwa na madhara ya dawa ambayo daktari alipoambiwa alibadilisha dozi, na jengo langu lilikuwa limemnyima pa kutembelea. Tulikuja kutoboa ukuta wa mwisho tukatoa njia inayozunguka ua, imesakafiwa vizuri, ina taa hafifu za chini na benchi mbili. Kuna mtu anaizunguka mara 40 kwa usiku mmoja na hakuna anayeamka.

Vyoo vya pamoja lilikuwa kosa la gharama kuliko yote. Nilibana hela za mabomba, nikaja kulipa mara mbili kubomoa na kujenga upya. Klozapini kwa mfano, dawa inayosaidia watu ambao dawa nyingine zimeshindwa, inafunga choo vibaya, na sio jambo la kucheka, kufunga choo kwa dawa hiyo kunaweza kufika hatua ya hatari ya kifo. Mtu anakaa chooni muda mrefu, nje kuna foleni, wanagonga mlango, anatoka bila kumaliza, kesho anaona haya anajizuia. Halafu kuna wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, hao wana kiu na kukojoa mara kwa mara, na wakipungukiwa maji mwilini lithiamu inapanda kwenye damu mpaka kudhuru. Kwa hiyo maji ya kunywa yawe hatua chache kutoka kitandani, na choo hivyo hivyo. Sa hivi kila chumba kina choo na bafu lake, mlango unafunguka kwa nje ili mtu akianguka nyuma yake usishindwe kuingia, kitasa kinafungwa kwa ndani ila kwa dharura kinafunguliwa nje kwa sarafu. Koki ni za kubonyeza zinazojifunga zenyewe, na kuna tundu la kutolea maji sakafuni hata nje ya bafu. Hilo la tundu tulijifunza baada ya mtu kuacha koki wazi akasinzia na maji yakaharibu vyumba vitatu.

Na joto. Baadhi ya dawa hizi zinauharibia mwili uwezo wa kujipoza, kwa hiyo chumba ambacho wewe unakiona kina joto la kawaida tu, kwa mwenzio kinaweza kuwa cha hatari. Madirisha pande mbili, upepo upite, na feni isiyolia lia. Nasisitiza isiyolia, kwa sababu mtu anayesikia sauti, ule mlio wa feni au mabomba yanayogonga ukutani unazipa zile sauti mahali pa kukaa. Nilipoambiwa hivyo na mkazi mmoja, dada mwenye akili nyingi sana, nilirudi nikalala kwenye chumba chake usiku mmoja, yeye akiwa ameenda kwao. Nilipata usingizi wa saa mbili tu, jokofu la jikoni lilikuwa limepakana na ukuta wa kitanda chake. Mchoro ule niliupitia labda mara mia na sikuuona huo ukuta.

Sigara sasa, hapa nusura tuue mtu. Tuliweka sheria, ndani hakuna kuvuta na kwenye ua hakuna kuvuta, anayetaka aende nje ya geti. Nia nzuri, mapafu, moto, majirani. Kaka mmoja aliyekuwa anavuta pakiti nzima kwa siku akaona usumbufu, akaacha ghafla, sisi tukampongeza mbele ya wenzake! Ndani ya wiki mbili akawa anasinzia mezani, mate yanamtoka, anayumba, hospitali wakakuta klozapini imepanda kwenye damu kupita kiasi, na vidonge alikuwa anameza vile vile. Kumbe moshi wa sigara unalifanya ini livunje dawa hiyo haraka, wala sio nikotini, ni moshi wenyewe, kwa hiyo ukikata moshi dawa inabaki mwilini. Alinusurika. Ukitaka kumwachisha mtu kuvuta, au hata akilazwa mahali pasiporuhusu kuvuta, daktari wake ajue kwanza. Sisi tukajenga kibanda cha kuvutia kwenye kona ya ua, paa, benchi, ndoo za mchanga, na kwa kweli mazungumzo mazuri kuliko yote ya nyumba ile yanatokea hapo. Mimi sivuti ila huwa naenda kukaa.

Hela ndo iliyotupiga zaidi ya yote. Bajeti yetu yote ilikuwa ni matofali. Tulitenga asilimia 9 tu kwa kuendesha nyumba, tukiamini jengo zuri likishasimama wafadhili watakuja wenyewe. Hawaji. Watu wanapenda kufungua jengo, kulipa mshahara wa mtu wa zamu ya usiku hakuna anayekatiwa utepe. Mwezi wa tano tukabaki na mfanyakazi mmoja wa usiku kwa watu 12, akachoka, akaondoka bila kuaga, tukawa tunalala sisi wanafamilia kwa zamu, yaani tumerudi kule kule. Kama hamna hela ya kuendesha miaka miwili mkononi, jengeni vyumba sita. Au msijenge kabisa, pangeni vyumba vya kawaida sehemu mbalimbali mtaani na muwe na timu inayowatembelea, ni njia halali na mara nyingi ni bora, mimi nilijenga kwa sababu nyundo ndo kifaa ninachokijua.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Kwenye mkataba wetu tuliandika kwamba atakayeacha dawa ataondoka. Familia zote zilisaini, hata mimi. Kijana mmoja akaacha dawa, akaonywa mara tatu kwa maandishi, akatolewa. Miezi minne hatukujua alipo. Alipopatikana alikuwa amekonda, ana vidonda miguuni, na ugonjwa umepanda kuliko siku yoyote. Kanuni ya kumfukuza mtu kwa sababu anaumwa ugonjwa uliofanya umpe nyumba, tuliona ina mantiki kabisa tulipoiandika!

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma kwa makini. Mtindo wa zamani ni wa ngazi, mgonjwa anathibitisha anameza dawa, hanywi pombe, anahudhuria, ndo anapandishwa mpaka afike kwenye nyumba yake, na akiteleza anashushwa. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis huko New York akaupindua, mpe mtu nyumba kwanza, yenye mkataba wa kawaida wa mpangaji, halafu matibabu yamfuate kwa hiari, na akizidiwa akalazwa chumba kinamsubiri. Wengi wanaiita Nyumba Kwanza. Kanada waliijaribu kwa ukubwa kuanzia 2009, kwenye miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, zaidi ya watu 2,000 wasio na makazi wenye maradhi ya akili, baadhi wakapewa Nyumba Kwanza na wengine huduma za kawaida. Miezi sita ya mwisho ya utafiti, waliopewa nyumba asilimia 62 walikuwa ndani ya makazi muda wote, wenzao asilimia 31. Niwe mkweli pia, dalili za ugonjwa zilipungua karibu sawa kwa makundi yote mawili, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba nyumba inatibu skizofrenia, inachofanya ni kumpa mtu pa kuumwa bila kupoteza kila kitu. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 19, unasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Tulifuta ile kanuni. Sa hivi kodi na dawa ni vitu viwili tofauti, unatolewa kwa yale yale ambayo mpangaji yeyote angetolewa. Kijana yule amerudi, yuko chumba namba saba, na bado kuna miezi hataki dawa, mtu wa timu anaenda anakaa nae wanacheza karata.

Awamu ya pili, ya kubomoa na kurekebisha, nilianza kwa chaki. Nilichukua ukumbi mtupu nikachora sakafuni chumba kwa ukubwa wake halisi, nikawaita wakazi mmoja mmoja, sio kikao, kikao kinawaziba mdomo wengi wao. Nikawaambia, hiki ni chumba chako, ingia, lala, nionyeshe. Kaka yangu akaingia kwa pale nilipochora mlango, akalala chini kwenye sakafu baridi, akanyamaza, akanyanyuka akafuta chaki kwa kiatu. "Kitanda hapa hapana. Mimi nikilala nataka niuone mlango, ila mlango usinione." Tukahamisha kitanda mara nne. Akataka tundu la kuchungulia mlangoni, ajue nani anagonga. Akataka dirisha lenye kizingiti kipana cha kukalia. Dada mwenye akili akataka kabati la dawa lenye kufuli ndani ya chumba chake badala ya kupanga foleni kwenye kidirisha, tukalipitisha, wasio tayari wanaachia wafanyakazi kwa makubaliano, na kidirisha tukakiziba kwa tofali. Ile ofisi ya kioo tukaivunja ikawa sehemu ya jiko, sasa wafanyakazi wanaandikia mezani hapo hapo watu wanapopika. Mzee mmoja wa miaka 61 aliangalia kile kitanda cha futi tatu nilichochora akaniuliza kwa upole, "Binti, hiki ni cha mtoto?" Sikuwa nimewaza hata kidogo kwamba watu hawa wanaweza kuwa na wapenzi. Familia zilibishana mwezi mzima juu ya upana wa vitanda, asee, mwezi mzima! Tuliweka vya futi nne na nusu.

Na matangazo. Ukutani kulikuwa na makaratasi 23 yanayoanza na neno "Usi". Niliyahesabu nikiwa nabandua.

Kuhusu usalama wa mtu anayefikiria kujidhuru sitaingia kwa undani hapa, kaeni na watu waliobobea mkiwa bado kwenye michoro, waambieni ukweli kuhusu watakaoishi mle. Nitasema tu kwamba sisi tulitaka kila chumba kiwe kama cha wodi, wakatushauri vyumba viwili viandaliwe hivyo kwa kipindi kigumu, karibu na mtu wa zamu, na vingine vibaki nyumba, na kwamba mtu aliye macho usiku anafanya kazi kuliko kitasa chochote.

Wiki mbili zilizopita nilienda kumwona kaka bila taarifa, nimebeba mfuko wa matunda. Nikagonga. Nikasikia hatua, zikasimama. Lile tundu la mlangoni likawa jeusi, akanitazama muda mrefu kweli. Kisha akasema kutoka ndani, sauti yake imetulia, "Leo hapana, mdogo wangu. Njoo kesho." Nikatundika mfuko kwenye kitasa, nikaondoka.